Taa za Rangi Hazijengi Dola

Age of Empires II ni gemu ya mwaka 1999. Toleo lake jipya, lililotoka Novemba 2019, lina sharti moja ambalo wauzaji wa kompyuta wangefaa kulibandika ukutani. Kabla hujaruhusiwa kucheza mechi za kupanda ngazi mtandaoni, kompyuta yako inafanyishwa mtihani. Inaendeshewa vita vya kujaribia, inapewa alama, na isipofikisha 1000 mlango huo hausogei. Utacheza peke yako, utacheza na rafiki mliyekubaliana, lakini mechi za kupanda ngazi utazisikia kwa wenzako.

Sharti hilo lina historia. Ensemble Studios, kampuni ya Marekani iliyobuni Age of Empires ya kwanza mwaka 1997, ilitaka watu wanane wapigane kwa pamoja kupitia modemu ya simu yenye kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo huwezi kumpasha kila mchezaji habari za kila mpiga mishale: yuko wapi, ana uhai kiasi gani, anamlenga nani. Mwaka 2001 wahandisi wawili wa kampuni hiyo, Paul Bettner na Mark Terrano, walieleza walivyotatua jambo hilo. Kila kompyuta inaendesha vita vyote yenyewe, kuanzia mkulima anayevuna hadi ngome inayoporomoka, na kinachosafiri kwenye waya ni amri tu: huyu aende kule, yule ashambulie hapa. Mashine zote nane zinapiga hesabu ileile kwa wakati uleule. Mmoja akiwa na mashine goigoi, wote wanamsubiri, na mwendo wa mechi unashushwa hadi pale anapoweza.

Ndiyo maana nasema mtu anayetafuta kompyuta ya bei nafuu kwa ajili ya gemu za mikakati asianzie pale wanapoanzia wengine. Rafiki yake anayecheza gemu za risasi au za mpira anahitaji kadi ya grafiki yenye nguvu, kwa sababu kazi kubwa ya gemu zile ni kuchora picha nyingi nzuri ndani ya sekunde moja. Gemu ya mikakati inachora pia, lakini mzigo wake mkubwa ni hesabu: nani anapita njia ipi, mfalme wa upande wa pili anafikiria nini, bei ya chumvi imepanda wapi, raia wangapi hawana kazi katika sayari ya arobaini. Hesabu hizo ni za prosesa, na sehemu kubwa yake hufanyika kwa kufuatana, moja ikisubiri nyingine, hivyo hata wingi wa viini vya prosesa haukuokoi kama kila kiini ni kizito cha miguu.

Anayetaka ushahidi afungue Civilization VI, ya mwaka 2016. Ndani yake kuna vipimo viwili vilivyowekwa na watengenezaji wenyewe, kimoja cha picha na kingine cha akili ya kompyuta. Hicho cha pili hakijali fremu. Kinapima sekunde ambazo mashine inatumia kucheza zamu za mataifa mengine. Mwanzoni mwa gemu, ukiwa na mji mmoja na shujaa mwenye rungu, kila kompyuta inaonekana nzuri. Fika karne ya ishirini, mataifa kumi na mawili yakiwa na miji na ndege, ndipo utakapoijua mashine yako. Unabonyeza kumaliza zamu, unakwenda kuchemsha chai, unarudi, bado wanawaza. Stellaris ya kampuni ya Paradox ya Sweden ina sifa hiyohiyo, na kwa miaka mingi wachezaji wake wamelalamika kwamba mwisho wa gemu unaburuza. Hakuna kadi ya grafiki duniani itakayokuondolea kusubiri huko.

Sasa twende sokoni. Kariakoo jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Luthuli na Moi Avenue kule Nairobi, kompyuta inayoitwa ya gemu inatambulika kwa macho kabla hujauliza bei. Ina keisi ya kioo upande mmoja, feni zinazowaka rangi za disko, na kibodi inayometameta hata pale ambapo hakuna anayeigusa. Winga, yaani dalali, atakuwekea mkono begani. "Bosi wangu, hii ni Core i7, inapiga gemu zote." Mara nyingi hasemi uongo. Ni i7 kweli. Ni i7-2600, prosesa ya Januari 2011 yenye viini vinne, iliyovuliwa kwenye kompyuta ya ofisi na kuvalishwa keisi mpya. Taa zinalipiwa na mnunuzi, na zinalipiwa kwa fedha ambayo ingemnunulia prosesa changa zaidi kwa miaka saba.

Soko letu lina ugonjwa wa kutaja i5 na i7 bila kutaja kizazi, na ugonjwa huo unawagharimu watu fedha nyingi kuliko hata bidhaa feki. Namba yenyewe si siri. Kwenye i5-8500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, yaani cha nane. Kwenye i3-12100 ni tarakimu mbili za kwanza, yaani kizazi cha kumi na mbili. Hiyo i3 ya mwaka 2022, ndogo kwa jina, inaiacha mbali i7 ya kizazi cha pili, na hata i7-6700 ya kizazi cha sita haiipati. Muuzaji akikwambia "i7" peke yake, hajakwambia kitu. Mwombe awashe mashine, bonyeza kulia kwenye kitufe cha Windows, fungua sehemu ya mfumo, soma jina kamili la prosesa. Stika ya mbele ya keisi usiisome kabisa. Stika zinauzwa rejareja.

Nikiulizwa mstari uchorwe wapi, nauchora kwenye kizazi cha nane. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Hadi kizazi cha saba, i5 ya kompyuta ya mezani haikuzidi viini vinne. Oktoba 2017 Intel, ikisukumwa na AMD iliyokuwa imeleta Ryzen mapema mwaka huohuo, ilipandisha i5 hadi viini sita. Mteja wa kawaida alipata ongezeko ambalo hakuwa amelipata kwa takriban muongo mzima. Sababu ya pili ni Microsoft. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikataa rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, ukiacha chache sana, na Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma. Kampuni na taasisi za Ulaya na Marekani haziwezi kukaa na maelfu ya mashine zisizopokea viraka vya usalama. Zimezitoa, na nyingine nyingi za kizazi cha nane na cha tisa zinatoka pia kwa sababu mkataba wa kukodi umekwisha au muda wa udhamini umepita.

Mashine hizo zinajulikana kwa majina: Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920. Zote ni za mwaka 2018, zote ni nyeusi au kijivu, na hakuna hata moja itakayomfanya mgeni wako aseme "lo!" akiingia sebuleni. Zilitengenezwa ziwake asubuhi na kuzimwa jioni kwa miaka mitano bila fundi kuitwa. Kutoka huko ndiko zinakoingia mikononi mwetu, baadhi moja kwa moja kwa kontena, nyingine kupitia Dubai, zikiitwa mtumba huku kwetu na ex-UK kule Nairobi. Maoni yangu ni kwamba OptiPlex ya i5-8500 iliyotoka katika ofisi ya bima ya Uingereza ni kompyuta bora ya gemu za mikakati kuliko nusu ya mashine zinazouzwa kwa jina hilo kwa bei mara mbili. Nitakuwa tayari kubishana na winga yeyote juu ya hilo, ingawa najua atakayepiga kelele zaidi si mimi.

Lakini zina mitego yake, na hapa ndipo inapofaa kutulia.

Kuna saizi tatu. Ndogo kabisa inatosha nyuma ya monita na haina nafasi ya kadi ya grafiki. Mwenye kununua hiyo ameolewa na kile alichokikuta. Ya kati, ile nyembamba inayolala, inapokea kadi fupi tu, zile zenye kimo cha nusu. Kubwa ni mnara, na mnara ndio wa kutafuta, hata kama unachukua nafasi chini ya meza. Wauzaji wengi hawapandishi bei sana kwa mnara kwa sababu wateja wa ofisini wanapenda ndogo. Hilo ni jambo adimu, soko kukupa kitu bora bila kukudai zaidi, basi lichukue.

Kisha pawa saplai. Katika mashine hizi ni za wati 200 na kitu hadi 260, na plagi zake nyingi hazifanani na zile za kawaida, kwa hiyo huwezi kununua saplai yoyote ya wati 500 mtaani ukaichomeka. Fundi atakwambia inawezekana kwa adapta. Inawezekana, ndiyo. Hata kuwasha gari kwa bisibisi kunawezekana. Njia salama ni kubaki na kadi inayokula umeme wa tundu la mazabodi peke yake, yaani isiyozidi wati 75, isiyohitaji waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 iko humo. GTX 1650 ya mwaka 2019 iko humo, ingawa baadhi ya matoleo yana tundu la waya, kwa hiyo igeuze uitazame. RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu, ila ilibuniwa kwa mazabodi mpya zaidi na kwenye kizazi cha nane inapoteza sehemu ya nguvu zake. Bora ya kundi hilo ni RTX 3050 yenye GB 6, ya Februari 2024, ambayo inakula wati 70.

Je, kadi inahitajika kweli? Kwa Civilization V, kwa Europa Universalis IV, kwa Age of Empires II katika ubora wa wastani, grafiki iliyomo ndani ya i5-8500 yenyewe inakufikisha. Haipendezi sana, miti inakuwa kama michoro ya kalenda, lakini vita vinapiganwa na zamu zinakwisha. Ushauri wangu ni kununua mnara leo bila kadi, kucheza miezi kadhaa, na kununua kadi baadaye fedha ikipatikana na ukishajua unacheza nini. Anayetaka kila kitu siku moja ndiye anayeuziwa kadi feki.

Feki zipo, kwani kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Ujanja wa kawaida ni kuchukua kadi ya miaka ya 2010, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, kuibadilisha programu yake ya ndani, na kuifanya ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini, mnunuzi anaamini. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu 2018 huwaumbua wadanganyifu hao kwa kuandika neno la Kiingereza la "feki" mbele ya jina la kadi. Iweke kwenye flashi pamoja na CPU-Z na CrystalDiskInfo, ile ya kusoma afya ya diski, uende nazo dukani. Muuzaji anayekataa flashi yako kwa hofu ya virusi ana hoja. Mwambie basi azipakue yeye mwenyewe ukiwa unatazama. Anayekataa na hilo, mtakie biashara njema.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali ni hadithi nyingine. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 15, 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zikiwaka usiku na mchana zikamwagika kwenye soko la mtumba. Siziogopi kama wengine wanavyoziogopa. Kadi iliyofanya kazi mfululizo kwa joto lisilobadilika inaweza kuwa na afya, isipokuwa feni zake, ambazo huwa zimechoka na ni rahisi kubadilisha. Ila kwa mtu wa gemu za mikakati mjadala huu haumhusu sana, maana wachimbaji walipenda kadi kubwa, na kadi kubwa haziingii kwenye saplai yetu ya wati 260.

Kuna mtego mmoja wa kizamani ambao bado unaunguza mashine: swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai, yenye namba 115 na 230. Saplai nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe, lakini baadhi ya mashine za zamani kutoka Marekani bado zinayo swichi hiyo, na iko upande wa 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu hivyo ilivyo, utasikia mlio mmoja na kunusa harufu. Tazama nyuma kabla ya kuchomeka. Inachukua muda mfupi kuliko kulia.

RAM. Hapa bei zimeharibika. Kuanzia nusu ya pili ya 2025, viwanda vya kumbukumbu vimeelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya data vya akili bandia, na bei ya RAM ya mtu wa kawaida imepaa. Desemba 2025 Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo mafundi wetu wamelijua kwa miaka. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba GB 16 zilizomo tayari ndani ya mashine zina thamani kubwa kuliko ahadi ya "utaongeza baadaye". Mashine mbili zikifanana, moja ina GB 8 na nyingine 16, tofauti ya bei ikiwa ndogo usisite. Na ziwe vipande viwili, si kimoja. Vipande viwili vinafungua njia mbili za kupitishia data, na unapotumia grafiki ya ndani, isiyo na kumbukumbu yake, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Wauzaji hupenda kipande kimoja kwa sababu ni rahisi kukichomoa. Sijasema kwa nini wanakichomoa.

Kuhusu diski niseme kwa kifupi: SSD, tena si ya jina usilowahi kulisikia. Diski ya kuzunguka ibaki kuwa ghala la sinema. Monita ndiyo ambayo watu hukosea kuidharau. Kwenye mtumba kuna monita nyingi za mraba za inchi 17 na 19, zinauzwa kwa bei ya kutupa, na zinatosha kwa risiti za duka. Gemu ya mikakati ni ramani na maandishi. Europa Universalis IV kwenye monita ya mraba ni kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Tafuta ya mstatili yenye nukta 1920 kwa 1080, inchi 22 au zaidi, kasi ya hertz 60 inatosha kabisa. Hizo hertz 144 na 165 waachie wanaorushiana risasi.

Watu huniuliza kuhusu bei, na mimi huwajibu kwa mafungu, kwa sababu bei ya Kariakoo hubadilika kwa dola, kwa mzigo ulioingia na kwa sura ya mnunuzi. Gawa fedha yako mafungu kumi. Sita yaende kwenye mnara wenye prosesa, RAM na SSD. Mawili kwenye monita. Moja kwenye kipanya kizuri na UPS ya mtumba yenye betri mpya. Moja libaki mfukoni, kwa sababu kitu kitaharibika wiki ya kwanza au hakitaharibika, na vyote viwili ni sababu nzuri ya kuwa na akiba. UPS si anasa. Umeme ukikatika kwenye zamu ya mia tatu ambayo hujaihifadhi, hata aliyelelewa vizuri atatukana. Na mashine hii ikicheza na kadi ya wati 75 itakula umeme chini ya nusu ya ule wa mashine ya gemu yenye kadi kubwa. Anayenunua luku kwa elfu tano-tano ataiona tofauti hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuna watakaosema: kwa nini mezani, si laptopu? Hoja yao ni nzito, hasa kwa mwanafunzi wa chumba cha kupanga mwenye umeme wa kubahatisha. Lakini laptopu nyingi za mtumba zina prosesa zenye herufi U mwisho wa namba, zilizobuniwa kula wati 15. Zinakimbia vizuri dakika chache za kwanza, zikipata joto zinapunguza mwendo, na gemu ya mikakati ni mbio za saa nne. Feni inalia, goti linaungua, na mfalme wa Uajemi bado anawaza. Kama huna njia nyingine, chukua laptopu, cheza ramani ndogo, punguza idadi ya mataifa. Kama una meza, sioni hoja.

Kuna gemu zinazoharibu hesabu zangu, na ni haki kuzitaja. Mfululizo wa Total War unachora maelfu ya askari mmoja mmoja, na Total War: Warhammer III ya mwaka 2022 inapendekezewa na watengenezaji wake kadi kama GTX 1660 Ti, ambayo inakula wati 120. Hiyo haiingii kwenye mnara wetu wa ofisi bila upasuaji, na gemu yenyewe inataka zaidi ya GB 100 za diski. Civilization VII ya Februari 2025 nayo ni nzito kuliko kaka yake. Anayezitaka hizo anunue kompyuta iliyofungwa upya na fundi, yenye mazabodi na saplai za kawaida, na akiweza afike kwenye Ryzen zenye alama ya X3D. Hizo zilianza na 5800X3D ya Aprili 2022, yenye MB 96 za kumbukumbu ya karibu ndani ya prosesa yenyewe, na gemu za hesabu nyingi zinaipenda kumbukumbu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Ila tusidanganyane, hapo tumeshatoka kwenye bei nafuu. Na hata huko nisingelipia taa.

Kinachonikera zaidi katika biashara hii ni dharau iliyofichika ndani yake. Muuzaji anapoona kijana anataka kompyuta "ya gemu", anadhani ameona mtoto wa taa. Hamuulizi anacheza nini. Angeuliza, angekuta wakati mwingine ni mtu anayeijua historia ya pwani hii kuliko mwongoza watalii. Europa Universalis IV, ya mwaka 2013, inaanza Novemba 11, 1444, na mchezaji anaweza kuchagua kuwa Kilwa. Ana bahari, ana biashara ya dhahabu ya Sofala, na anajua kwamba Wareno wako njiani. Age of Empires II nayo, katika nyongeza ya mwaka 2015 kuhusu falme za Afrika, ina kampeni ya Mreno Francisco de Almeida, yuleyule aliyezishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Huko unampigania Almeida. Nimewahi kuona vijana wa Kiswahili wakiwa na shida ya dhamira mbele ya gemu hiyo, wakijadiliana kama washinde au washindwe makusudi. Mjadala mzuri kuliko mwingi unaosikika kwenye daladala, na uliendeshwa juu ya OptiPlex isiyo na taa hata moja zaidi ya ile ya kuwashia.

Ukishaipata mashine, gemu zenyewe hazihitaji mfuko mnene. Za zamani hushushwa bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni, hasa kipindi cha sikukuu, na Civilization VI imewahi kuuzwa kwa punguzo kubwa mno hadi nikashangaa waliolipa bei kamili. StarCraft II, ya mwaka 2010, ni bure tangu Novemba 2017 kwa kampeni ya kwanza na kwa mechi za mtandaoni, na hadi leo ni shule kali ya mikakati ya haraka, yenye kupenda prosesa yenye kiini chepesi. 0 A.D., inayotengenezwa na watu wa kujitolea, inafanana na Age of Empires, haiuzwi, na leseni yake inaruhusu kunakiliwa, kwa hiyo asiye na intaneti ya faiba nyumbani anaweza kuichukua kwa flashi kutoka kwa mwenye nayo bila kumwibia mtu. Anayenunua data kwa kifurushi aanze na hiyo, kwa sababu StarCraft II itakula kifurushi cha wiki nzima kabla haijamwonesha askari wa kwanza.